Ngitili za Shinyanga na Maisha Niliyoyachagua

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima nimeitumia katika vijiji vya Shinyanga na Simiyu nikifanya kazi ya ugani wa misitu. Vijana wanaomaliza masomo ya kilimo, misitu au maendeleo ya jamii huniuliza kama kazi ya vijijini inaweza kumpa mtu maisha yenye maana, na huwa siharakishi kuwajibu. Nimewaona watu walioifanya kwa miaka mingi wakaondoka bila kuacha chochote ambacho wanakijiji wangekitaja, na nimewaona wengine, wasiotajwa katika ripoti yoyote, ambao kazi yao inaendelea kunenepesha ng'ombe na kuwasha mafiga ya watu hadi leo. Tofauti kati ya hao na hawa nimeijua kupitia historia ya ngitili, na ndiyo maana nikitaka kueleza kwa nini niliyachagua maisha haya hulazimika kuanza na nyasi na visiki.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti viote bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kinapokuwa kikali, mara nyingi kati ya Julai na Septemba, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wenye kunyonyesha, wanyama dhaifu na maksai watakaovuta plau msimu ujao. Halifunguliwi lote kwa siku moja. Mwenye ngitili hulisha upande mmoja kwanza, akaacha upande mwingine hadi wa kwanza uishe, na hesabu hiyo huifanya kwa kuangalia nyasi, idadi ya mifugo na dalili za mvua. Zipo ngitili za kaya, ambazo hurithishwa, na zipo za kijiji, za shule na za vikundi. Utaratibu huu ni wa wafugaji wenyewe, na ulikuwapo kabla ya afisa yeyote wa serikali kufika kuwafundisha malisho.

Utaratibu huu nusura upotee kabisa. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa makusudi ili kuwaangamiza mbung'o, na kazi hiyo ilisimamiwa kitaalamu, maana Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika. Baadaye ikaja pamba, na upande wa Kahama tumbaku, ambayo huhitaji kuni nyingi za kukaushia. Mifugo iliongezeka, watu wakaongezeka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani na kuwakusanya katika vijiji vipya. Nia yake ilikuwa kuwasogezea shule, zahanati na maji, na mengine kati ya hayo yalifika, lakini mtu aliyehamishwa aliiacha ngitili yake mbali na macho yake, na mali isiyo na mwangalizi haichukui muda kuwa ya kila mtu. Miaka ya 1980 ilipofika katikati, wanawake wa sehemu nyingi walikuwa wakipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na mkoa mzima ulisemwa kuwa unageuka jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI, kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, kutoka Nairobi wakaungana nao. Mimi nilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa treni ya Reli ya Kati, katika safari ambayo wakati huo ilikuwa na desturi zake. Mabehewa yaligawanywa Tabora, mengine yakaelekea Kigoma na mengine Mwanza, na katika masaa ya kusubiri abiria waliuziana chakula, habari na ushauri. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Malampaka alinifundisha salamu za Kisukuma humo ndani ya behewa: asubuhi useme mwangaluka, mchana na jioni mwadila, na usiondoke mahali bila kusema wabeja. Sikuwahi kupata mafunzo ya kazi yaliyonifaa kwa haraka kiasi hicho.

Wenzangu waliotangulia walikuwa wamejifunza jambo gumu. Katika miaka ya mwanzo juhudi kubwa iliwekwa kwenye vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na miche hiyo iligawiwa kwa wingi vijijini. Mingi ilikauka, mingine ikaliwa na mchwa, na iliyosalia ikaliwa na mbuzi, kwa kuwa wanakijiji hawakuwa na sababu ya kuilinda miti ambayo hawakuichagua na ambayo haikuwapa malisho. Wakati huohuo, ndani ya ardhi iliyoonekana kufa, mizizi na visiki vya miti ya asili vilikuwa hai. Eneo likifungwa kwa misimu michache tu, migunga, mikwaju na hata mipingo ilichipua yenyewe, bila kitalu na bila ndoo ya maji. Mradi ukageuza mwelekeo, ukaanza kuwauliza wazee ni wapi ngitili za zamani zilikuwa, na ukaacha kijiji kiamue eneo, mipaka na adhabu.

Takwimu za mradi huo zinajulikana. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikishwa zilikuwa takribani hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji 833 vya eneo la mradi, makadirio yalizidi hekta 300,000. Ninaziamini takwimu hizo kwa sababu nilitembea ndani ya sehemu ya hekta hizo, lakini jambo linalonigusa zaidi ni jinsi ulinzi ulivyofanyika. Hapakuwa na askari wa misitu wa kutosha hata kwa wilaya moja. Waliolinda walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi ambao walikuwa wamejipanga miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alifikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, akatozwa mchenya, yaani faini ya jadi. Faini ya mahakama mtu anaweza kuilipa na kusahau. Mchenya ulimweka mtu mbele ya majirani ambao angewahitaji kesho kwenye mazishi na kwenye palizi.

Mzee mmoja wa Maswa, ambaye nilimwita guku kama walivyomwita wajukuu zake, alinitembeza katika ngitili yake mwezi wa Agosti. Alikuwa na panga dogo lililochongwa makali upande mmoja tu. Kila alipofika kwenye kisiki cha mgunga kilichochipua matawi mengi, aliinama, akayashika moja moja karibu na shina, akayatikisa kupima uimara wake, kisha akayakata yote na kubakiza mawili. Nilimuuliza kwa nini mawili na si moja, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kubakiza shina moja lililonyooka.

"Mama, wewe unahesabu miti, mimi nahesabu na ng'ombe," akanijibu. "Moja litavunjwa na dume likijikuna. La pili ndilo litakalokuwa mti."

Matawi aliyoyakata hayakutupwa. Mjukuu aliyafunga mzigo na kuyapeleka nyumbani kwa kuni. Mzee alipofika kwenye kona ya mashariki, alichota nyasi kwa mkono, akazikunja, akasikiliza zinavyokatika, na akasema kwamba kona hiyo isubiri hadi mwezi ujao. Jioni ile niliandika maelezo marefu kuliko niliyowahi kuandika katika semina yoyote.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, na hilo linahusiana sana na namna ninavyoielewa kazi hii. Katika milima yetu, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo kutengeneza matuta ili kuzuia mmomonyoko. Elimu ya udongo iliyokuwa nyuma ya agizo hilo haikuwa ya uongo, kwani milima ilikuwa ikimomonyoka kweli. Lakini matuta yalidai nguvu nyingi, hasa ya wanawake, hayakuleta chakula zaidi kwa wakati, na asiyeyalima alitozwa faini. Watu waliyakataa. Kule Uluguru upinzani dhidi ya mpango wa aina hiyohiyo uliishia kwenye ghasia za mwaka 1955. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuwa mwanasiasa, aliikumbuka TANU kama chama kilichowaondolea matuta. Kwa hiyo, mtu anaponiambia kwamba wanakijiji hawaelewi faida za hifadhi, huwa namkumbuka bibi, aliyeijua milima ile kuliko bwana shamba aliyemwandikia faini.

Mwalimu Nyerere alieleza mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe kwa wanayoyaamua na kuyatenda. Miaka michache baadaye serikali yake mwenyewe iliwahamisha mamilioni ya watu. Ninayaheshimu mawazo ya Mwalimu na ninaijua pia hasara ya uhamisho ule kwa ngitili za Shinyanga. Kila anayefanya kazi ya vijijini anapaswa kuyabeba yote mawili, kwa sababu kishawishi cha kuwaharakisha watu kwa faida yao hakikwisha na miaka ya 1970. Kipo katika kila mpango wenye tarehe ya kufunga hesabu.

Safari nazo zina mengi ya kumfundisha mtu, ikiwa atasafiri wakati usiofaa. Wageni wengi wa maendeleo huja kati ya Juni na Septemba, barabara zikiwa kavu, na hufika vijiji vilivyo karibu na lami. Wakati huo mavuno yako ghalani, pamba inauzwa, harusi zinafungwa, na ng'ombe wanaendelea kupata mabaki ya mashamba. Ukitaka kujua umaskini wa Meatu au Kishapu, nenda Januari au Februari, mvua zikiwa zimeshika, akiba imekwisha na mahindi mapya bado ni machanga. Udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu hadi gari lisimame, na baiskeli hulazimika kubebwa begani. Ndio mwezi ambao watu hulima kwa nguvu zote wakiwa wamekula kidogo kuliko mwezi mwingine wowote, na ndio mwezi ambao malaria huongezeka. Katika msimu wa namna hiyo nililala kwa mayu mmoja, yaani mama, aliyenichemshia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaitia karanga zilizotwangwa, akanipa kwenye bakuli kubwa kuliko la watoto wake. Nilikula kwa sababu kukataa kungemwaibisha, na kesho yake nilikwenda gulioni kununua mtama, nikamwachia jikoni bila kusema neno. Baada ya usiku ule sikuandika tena ratiba yenye mikutano ya saa nne asubuhi mwezi Januari. Saa nne ni saa ya jembe.

Wanawake ndio walionieleza thamani ya ngitili kwa kipimo cha miguu. Hawakutaja hekta. Walitaja mahali walipokuwa wakilala njiani kwenda kutafuta kuni, na wakaonyesha kichaka kilicho nyuma ya nyumba wanakokusanya kuni sasa kabla ya uji wa asubuhi. Walinitajia mboga za majani, dawa, uyoga, asali, ukwaju wa kutia kwenye uji na nyasi za kuezekea. Watafiti walioorodhesha mimea ya ngitili walipata aina zaidi ya 100 za miti na vichaka, na ninaposoma orodha hizo husikia sauti za akina mama waliokuwa wakitaja matumizi ya kila mmoja.

Ngitili zina kasoro ambazo nimezipigania kwa muda mrefu bila kuzimaliza. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe hupata kidogo, isipokuwa kama ana kipande anachoweza kukikodisha. Mjane mara nyingi hupoteza sauti juu ya eneo aliloshiriki kulilinda miaka yote ya ndoa, kwa kuwa ndugu wa mume hudai kwamba ngitili ni ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, lakini sheria inayokaa kwenye kabati la mtendaji haimsaidii mtu ambaye shemeji yake ameshaingiza ng'ombe. Tena mradi wa HASHI ulipofungwa mwaka 2004, baadhi ya ngitili zilipunguzwa kwa ajili ya mashamba na nyingine zikaingiliwa na wachoma mkaa. Zilizobaki imara, kwa jinsi nilivyoona, ni zile ambazo mipaka yake ilijadiliwa hadi watu wakachoka, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na ikaandikwa katika sheria ndogo. Zilizopimwa haraka ili ziingie kwenye ripoti ya robo mwaka ndizo zilizotoweka kwanza.

Nimeona jambo hilohilo kwenye maji. Katika kijiji kimoja cha Meatu pampu ya mkono ilisimama kwa sababu ya kipande cha mpira kilichochakaa, kidogo cha kutosha kukaa mfukoni, na mfadhili alikuwa ameshaondoka, na fundi aliyefunzwa alikuwa amehamia mjini. Wanawake walirudi kuchimba mchanga wa mto na kusubiri maji yachuruzike kwenye kata. Tangu RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2019, vyombo vya watumia maji vinatakiwa kuwa na wahasibu na mafundi wanaoeleweka, na naona hiyo ni hatua ya kweli, kwa sababu inauliza nani atanunua mpira mwingine ule wa kwanza ukichakaa.

Safari ndefu kuliko zote za kazi yangu zilinipeleka Bonde la Rukwa na Kilombero, ambako Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao wakifuata malisho na ardhi ya kulima. Huko nilikuta migogoro na wakulima na wenyeji wa muda mrefu, na pia nilikuta familia zilizoondoka Shinyanga kabla ngitili hazijarudi. Katika kaya moja ya Rukwa, baba mwenye nyumba aliponisikia nikisalimia mwadila, aliagiza maziwa mgando, akaniuliza habari za mvua ya Kishapu, kisha akataja ngitili ya baba yake kwa kona zake zote: penye kichuguu, penye mkwaju, penye njia ya kwenda lambo. Hakuwa ameiona kwa miaka mingi. Nilipata nafasi ya kuipitia baadaye, nikamtumia ujumbe kwamba mkwaju upo na kwamba mdogo wake anaifunga kila mwaka. Katika kazi zote nilizofanya kwa mshahara na posho, ujumbe ule ambao hakuna aliyenituma ni mmoja kati ya ninayoyathamini zaidi.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza tena kuhusu maisha yenye maana, huwaambia kwamba kazi ya vijijini huwapa maana wale wanaokubali kukaa. Kukaa kunagharimu. Watoto wangu walisoma bweni mapema kuliko nilivyopenda, misiba ya Lushoto niliifikia mingi siku ya tatu, na wenzangu tuliohitimu pamoja wana nyumba ambazo mimi sina. Hayo nayasema wazi kwa vijana ili wapime wenyewe. Lakini mtu anayekaa hupata kuona mti aliouona ukiwa chipukizi ukitoa kivuli kwa mkutano, hupata kujua ni ahadi ipi ilitimizwa na ipi haikutimizwa, na hupata kuulizwa maswali ambayo mgeni wa siku mbili haulizwi. Mgeni huombwa vitu. Anayekaa huombwa ushauri kuhusu urithi, mahari, mtoto aliyeacha shule na mpaka unaogombaniwa.

Ninakaribia kustaafu, na ndugu zangu wanatarajia kwamba nitarudi Usambara kwenye ubaridi na migomba. Nimeamua kubaki Kishapu. Nina kipande cha ardhi nilichokiomba kwa kufuata utaratibu wa halmashauri ya kijiji, na nusu yake nimeifunga iwe ngitili, upande wenye udongo wa luseni, ule wa kichanga, nikiuacha kwa mtama na karanga. Majirani wasio na ng'ombe tumekubaliana watundike mizinga ya nyuki humo. Kabla ya mvua za Novemba kuanza, kijiji kitafanya mkutano mkuu wenye ajenda ya haki za wajane katika ngitili za koo, na akina mama wameniomba niwasaidie kuandika rasimu ya kifungu hicho cha sheria ndogo, ili kikishapitishwa kipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Tumeshakutana kuijadili chini ya mwarobaini wa shule, na bado hatujakubaliana kama mjane aliyeolewa tena nje ya kijiji ataendelea kuwa na sauti juu ya ngitili ya watoto wake.